Michuzi ya Salomé Asiyekuwepo

Jumatatu, tarehe 8 Juni 1953

Hofu tupu. Nimesikia kwa masikio yangu, ukuta katikati. Mama mkwe wangu, Mama Ndaya, aliyefika juzi kutoka Bukama kumwona mjukuu wake, amemwambia mke wangu Léa kwamba Jumapili watapanda treni: yeye, Léa na mtoto. Watarudi lini? Mtoto akianza kutembea. Mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza!

Sababu: nyumba hii haina mchuzi. Alifunua kila chungu jikoni, akakifunika tena. Kisha nikamsikia akiulalamikia ugali mkavu: "Bukari iko, mboga haiko. Mutoto atanyonya nini? Makopo?"

Ni kweli, tangu Léa ajifungue nimekuwa nikileta sardini. Mimi ni karani wa mizigo hapa stesheni ya Kamina, Mmethodisti, mtu wa kravati. Niliona sardini ni chakula safi, cha kisasa, kilichofungwa vizuri. Léa hakulalamika. Nikikumbuka sawasawa, hakusema kitu kingine chochote pia. Sasa amekonda, na maziwa yamepungua.

Nawaza habari ya Kalombo wa ofisini kwetu. Mke wake alikwenda kwao Luena kupumzika kidogo. Mtoto aliporudi alikuwa anamwita babu yake baba, na Kalombo anamwita Monsieur.

Kumsihi Mama Ndaya mwenyewe siwezi. Ukwe ni ukwe. Mwanaume haonani uso kwa uso na mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja, anaiacha njia. Tangu alipofika, jiko la nyuma ni lake na uwanja ni wake. Mimi nakaa chumba cha mbele kama kifurushi kisicho na anwani. Jina langu, Philémon Kapenda, halitaji. Ananiita "ule mwenye nyumba".

Jirani yangu Stanislas, fundi wa karakana ya reli, alikuwa ameshajua yote kabla sijavua koti. Alisimama kwenye uzio na meno yote nje. "Kapenda! Weye njo karani wa sardini!" Eti ndiye mimi, karani wa sardini. Yeye ana Dorothée, mke ambaye pilipili yake inanukia mpaka kwenye reli. Ni rahisi kucheka ukiwa na Dorothée.

Lakini nimepata mpango. Mama Ndaya anataka michuzi? Ataipata. Nitapika mwenyewe. Haiwezi kuwa kazi ngumu. Nimemwona Léa akipika mara nyingi, kutoka dirishani.

Jumanne, tarehe 9

Nimepika!

Mahali: stoo ya taa nyuma ya stesheni, ambamo mchana haingii mtu. Niliingiza mbabula, jiko letu la bati, na makaa yake ndani ya kikapu. Kalombo aliuliza ni nini. Nikasema mzigo wa abiria.

Karanga nilizikaanga, nikazisaga kwa chupa juu ya meza. Nyingine ziliruka sakafuni. Nilizirudisha. Nyanya, kitunguu, chumvi, maji kidogo. Halafu balaa: mafuta ya mawese yameganda ndani ya chupa kwa baridi hii ya Juni. Niliitikisa chupa. Niliipiga kitako. Niliibana kwapani. Hakuna kitu! Na sufuria imeanza kunuka moto. Nikafungua kopo la sardini lililokuwa ndani ya koti langu, nikamimina mafuta yake. Akili hiyo! Mchuzi ukawa mzito, wa rangi ya matofali, na uking'aa.

Ikabaki njia ya kuufikisha. Mama mkwe hawezi kula kilichopikwa kwa mkono wa mkwe wake. Ni aibu kubwa, ni kama kukutwa wakioga sehemu moja mtoni. Akijua ni mimi, hataonja. Kwa hiyo nilimpa Dorothée aupeleke, nikamwomba aseme umetumwa na mama mmoja wa kwaya ya kanisa letu. Dorothée hawezi kubeba kitu bila kuuliza. Akauliza jina. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Salomé.

Nimeipitia kwaya yote kichwani, sauti ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna Salomé. Hakuna atakayeumia.

Jioni. Bakuli limerudi tupu! Dorothée anasema Mama Ndaya alichovya tonge, akatafuna, akasema aliyepika alikuwa anafikiria mambo mengine, lakini moyo wake ni mzuri. Léa aliongeza bukari. Aliongeza! Nimetembea chumbani kutoka ukuta mpaka ukuta nikijisifu kimyakimya. Kisha nikakumbuka kuwa Jumapili bado iko palepale, nikakaa.

Jumatano, tarehe 10

Leo pilipili. Niliona mpango wa pili lazima uwe mkali kuliko wa kwanza.

Nilitwanga pilipili mbichi na kitunguu na chumvi, nikaongeza nyanya iliyochomwa, nikakamulia ndimu. Mawese, jiwe tena. Sardini tena. Mchuzi ulikuwa mzuri kwa macho. Kisha nikajisahau, nikajikuna jicho.

Ee Mungu wangu! Nilitoka stoo nikishika ukuta. Nikajaribu kulifuta jicho kwa mkono wa pili, ambao ndio ulioshika pilipili zaidi. Shefu wa stesheni, mkuu wetu, Mbelgiji asiyecheka, alinikuta nyuma ya magunia nikitiririka machozi. Akauliza amekufa nani. Ningeweza kusema pilipili. Nikasema mjomba. Akavua kofia, akanishika bega, akaniruhusu niende nyumbani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mchana kama ule siku zote niko ofisini. Mama Ndaya amezoea kuwa njia ni yake. Nilikuwa nimefika karibu na kona ya nyumba zetu, chungu mkononi, kimefunikwa kwa kitambaa cha maua ambacho Dorothée aliniazima. Tazama, yeye huyo! Kikapu kichwani, anakuja katikati ya njia, ameshaniona uso. Kushoto, ukuta wa karakana. Kulia, mtaro. Niliiacha njia kama ukwe unavyotaka. Niliingia mtaroni mzimamzima, mgongo kwake, chungu juu ya kichwa.

Nikasikia ndala zake zikisimama. Hakwenda. Nilibaki nimekodolea macho yangu mekundu ukingo wa mtaro na maji machafu yakiingia viatuni. Mwishowe alisema, si kwangu, kwa hewa tu: "Kitambaa ya maua." Akaenda zake.

Sikupenda alivyosema.

Mchuzi haukumwagika hata tone. Dorothée ameupeleka. Nimemwambia: Salomé yuleyule.

Alhamisi, tarehe 11

Nimekwisha!

Asubuhi Dorothée aliniita kwenye uzio. Amesema Mama Ndaya alionja pilipili, akaanza kuuliza maswali. Huyo Salomé ni mke wa nani? Kwa nini anampikia mwanaume ambaye mke wake bado yuko kwenye kitanda cha uzazi? Na kwa nini mwanaume huyo anatoka kwake mchana, chungu mkononi, kitambaa cha mwanamke juu, macho mekundu, na akiona mtu anatumbukia mtaroni?

Mtaroni niliingia kwa heshima! Lakini siwezi kwenda kumweleza. Kwa heshima.

Dorothée anasema yeye alitaka kujibu kwamba hajui. Bahati mbaya Stanislas alikuwa pale karibu akijaza upepo baiskeli yake, naye akajibu kwa niaba yangu. Alisema Salomé ni mjane. Bado kijana. Ana mwanya. Akisimama kuimba, wanaume wa Methodisti wanasahau kufungua vitabu.

Nilimwendea. Nilimwuliza kama amerogwa. Akajibu kwamba alimwonea huruma yule mwanamke, nimemwacha bila sura. "Weye unaleta mwanamuke haiko na meno, haiko na macho, nani atakuamini? Minyi nilikusaidia." Alicheka mpaka pampu ikamponyoka. Nilimwambia kwamba Wakatoliki wanapaswa kuungama mambo kama haya. Akasema ataungama, lakini kwanza anataka kuona mwisho wake.

Léa hasemi. Alinyamaza pia wakati wa sardini, lakini kule kulikuwa kunyamaza kwa mtu aliyechoka. Huku ni kwingine. Anapita mlangoni akiwa amemgeuza mtoto begani upande wa pili, nisimwone uso.

Nimefikiri haraka. Tatizo si mchuzi. Tatizo ni Salomé. Basi Salomé aondoke, mchuzi ubaki. Nimeponda avoka mbili, parachichi zilizoiva vizuri, chumvi, ndimu, kitunguu kilichokatwakatwa, pilipili kidogo sana, nikiwa nimenawa mikono kabla na baada. Huu hauhitaji moto, mtu anachovya tu. Ulipokwisha ulionekana mpweke. Nikautilia mafuta ya sardini, kwa kuwa sasa ni desturi yangu.

Nimemwambia Dorothée aseme umetoka kwa Mama Abigaïl, mke wa mchungaji wetu. Ni bibi mzee. Ana mkongojo. Hakuna mke duniani anayeweza kumwonea wivu Mama Abigaïl.

Nasikia nafuu kidogo.

Ijumaa, tarehe 12

Nafuu imekwisha.

Mama Ndaya alichovya kidole katika avoka, akanusa, akalamba, akamtazama Léa. "Mukono iko ileile." Ndivyo alivyosema, na Dorothée ameniigizia mara mbili, pamoja na kulamba. Ni mkono wa Salomé. Salomé ameogopa, sasa anapitishia vyungu vyake kwa mke wa mchungaji. Kwa hiyo mke wa mchungaji anajua. Mchungaji anajua. "Bantu ya kanisa bote banajua. Weye tu mutoto wangu, njo hapana kujua."

Nilikuwa na mwanamke mmoja asiyekuwepo. Sasa nina kanisa zima lililopo, na lote linanificha!

Léa amezungumza leo. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema kwamba mpaka juzi alikuwa anamkatalia mama yake. Alikuwa amemwambia kwamba sardini si dhambi, kwamba mimi ni mjinga wa jikoni lakini ninarudi nyumbani kila siku, na kwamba hataki kwenda Bukama, maana anataka mtoto amjue baba yake. Alikuwa karibu kushinda. Sasa hana neno la kumjibu mama yake. Jumapili anakwenda.

Alikuwa karibu kushinda! Bila mimi! Kama ningekaa chumba cha mbele na makopo yangu, angekuwa ameshashinda!

Kikapu cha vitu vya mtoto kiko mlangoni. Kimefungwa kwa fundo la wavuvi wa kwao. Nimejaribu kulifungua alipokwenda nyuma. Halifunguki.

Nifanye nini? Nikisema ukweli, Mama Ndaya atajua amekula mkono wa mkwe wake siku tatu mfululizo. Atapanda treni kwa aibu, na Léa atamfuata kumtunza. Nisiposema, atapanda treni kwa hasira, na Léa atamfuata kwa hasira yake mwenyewe. Treni ni moja.

Nimemwomba Stanislas ushauri. Ndipo nilipofika! Amesema nitafute mwanamke wa kweli, aje ajitambulishe kuwa ni Salomé, aseme ana mchumba Elisabethville na kwamba mimi simvutii hata kidogo. Nimeufikiria mpango huu kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Jumamosi, tarehe 13

Nimeungama. Uongo wote ulikuwa umekwisha, na treni ni kesho.

Nilimwambia Léa mlangoni, kwa sauti ya chini: hakuna Salomé, hakukuwa na Salomé, aliyepika ni mimi, stoo ya taa, kwa mbabula. Alinitazama. Kisha akacheka, lakini si kicheko cha mtu aliyefurahi. "Weye? Weye unashindwa kuchemusha mayi ya kunyoa!" Akasema kumdanganya ni kubaya, lakini kujivika mapishi ya yule mwanamke ni kumtukana. Nilimwonyesha jicho langu, bado jekundu. Akasema wanaume wengi wana macho mekundu. Nilipomtaja Dorothée awe shahidi, akasema aliyebeba vyungu vya Salomé siku tatu si shahidi.

Nyuma ya ukuta ikasikika sauti ya Mama Ndaya kwa Kiluba, akiuambia moto wake wa jikoni, si mimi: ule mwenye nyumba akapike basi. Sasa hivi. Uwanjani. Karanga. Yeye ataonja na atajua.

Walitundika mkeka kati ya nguzo mbili za jiko. Mama Ndaya akaketi nyuma yake, mgongo ukielekea kwangu, ili tusionane. Stanislas na Dorothée walileta vigoda. Majirani wengine hawakualikwa na walikuja. Mtu mmoja alileta chakula chake.

Nilizikaanga karanga. Nilizitwanga kwenye kinu cha Léa, na mchi ni mzito kuliko chupa. Jirani mmoja akasema tangu azaliwe hajaona mwanaume anatwanga na kravati. Mkeka ukasogea kidogo. Anasikiliza mchi! Nikatia nyanya. Nikatia kitunguu.

Na hapo nikaona chupa ya mawese. Dorothée, kwa wema wake, alikuwa ameiweka juani tangu asubuhi. Yamelainika. Mekundu, safi, yanatiririka kama yalivyoumbwa. Mbele ya watu wote wale! Nikayamimina. Nikakoroga kwa mwiko. Harufu ikapanda, harufu ya nyumba ya watu. Mtu nyuma yangu akasema ee. Nakiri nilijisikia fundi. Niliinua kidevu. Nilisahau kabisa kilichotuleta pale.

Léa alipeleka bakuli nyuma ya mkeka.

Akaonja. Kisha: "Hii haiko ile."

Mwiko ukaniponyoka. Mama Ndaya akasema mchuzi huu si mbaya, unalika, lakini ule wa Jumanne ni mkono mwingine. Kwa hiyo mkono mwingine upo. Léa alitoka nyuma ya mkeka bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu chenye fundo, akakiinua.

Nilisimama pale na mchuzi wangu mzuri. Mara ya kwanza maishani napika kitu kizuri, na ndicho kinachonifukuzia mke! Nikatazama sufuria. Nikatazama chupa. Mafuta!

"Sardini!" nikapiga kelele. Nilikimbilia ndani. Kulikuwa na kopo moja chini ya kitanda. Ufunguo wake ulikatika. Nililifungua kwa kisu cha kukatia karatasi, nikajikata kidole, nikarudi mbio, nikamimina mafuta yote ndani ya sufuria, na samaki wawili wakafuatana nayo. Stanislas alisimama juu ya kigoda aone vizuri. Nilikoroga. Kile kitu kizuri kikaharibika mbele ya macho ya wote. Kilinuka kama stoo ya taa.

Dorothée ndiye aliyepeleka bakuli la pili, kwa kuwa Léa alikuwa bado ameshika kikapu. Tulisikia tonge likichovywa. Tulisikia kutafuna.

"Njo ile."

Na tena, kwa uzito: "Njo ile kabisa. Ubaya yake iko moja."

Uwanja ulilipuka. Stanislas alianguka kutoka kwenye kigoda. Léa alikiweka kikapu chini. Alikuja, akachovya kidole katika sufuria, akaonja, akakunja uso, akanitazama tangu kravati mpaka viatu, viatu ambavyo bado vina tope la mtaro. Kisha akacheka, safari hii kicheko chake chenyewe, mpaka akashika ukuta, na mtoto akaamka.

Nilitaka kuketi chini. Lakini nyuma ya mkeka bakuli liliwekwa chini ghafla. Mama Ndaya alikuwa amefika mahali nilipokuwa nikipaogopa. Kama Salomé hayupo, basi amekula mkono wa nani wiki hii? Watu waliona haya. Walianza kutazama miti. Mwenye chakula aliacha kula.

Sauti ikatoka: kuku jike, leo, na si mdogo.

Aibu ya namna hii inaoshwa kwa kuku. Nilimkamata yule mweupe anayetaga vizuri, nikampitisha kwa Dorothée chini ya mkeka. Mkono ukatoka, ukampima kifua, ukampokea.

Jumapili, tarehe 14

Nilikuwa kanisani treni ya Bukama ilipopiga honi. Nilishika ukingo wa benchi. Niliporudi, kikapu kilikuwa kimefunguliwa na nguo za mtoto zimeanikwa juani. Léa yuko! Mtoto yuko! Nimempakata. Alinitazama uso kwa macho mawili, akatapika maziwa kwenye kravati. Mengi! Maziwa yamerudi!

Ningeimalizia hapa habari ya leo. Lakini baada ya ibada alifika Kalombo na wenzetu wa ofisini, wamevaa nyeusi, wakaingia uwanjani wakilia kumlilia mjomba wangu. Léa akauliza mjomba gani. Kalombo akasema yule aliyekufa Jumatano. Léa akasema mjomba wetu mmoja tu yuko Kabongo, na jana ametutumia salamu. Niliwaaga wageni mapema.

Mama Ndaya alisikia yote jikoni. Ameamua. Amemwambia Léa kwamba mwanaume anayejificha na taa, anayelia kwa pilipili, anayeua wajomba wazima na kuishi mitaroni haachiwi mwanamke na mtoto mchanga. Kwa hiyo Léa hatakwenda Bukama. Na yeye pia hatakwenda. Atakaa hapa mpaka mtoto atembee. Vyungu vyake ameshaagiza vije kwa treni.

Kuku amepikwa kwa karanga na mawese. Nimeletewa sehemu yangu chumba cha mbele, nimekula nimeelekea ukutani. Ni mtamu kiasi cha kunikasirisha.

Jumatatu, tarehe 15

Leo asubuhi nimeshindwa kufika chooni. Yeye uwanjani, mimi mlangoni. Nimelazimika kupanda uzio, kupitia kwa Stanislas, ambaye alinifungulia njia kwa kuinama kama mbele ya shefu. Ofisini nimechelewa. Na hali hii ni mpaka mtoto atembee! Watoto wa ukoo wetu wanachelewa kutembea. Mimi mwenyewe, mama alikuwa akisema, nilikuwa mvivu sana wa miguu.

Lakini sikati tamaa. Wiki hii imenifunza mengi. Imenifunza kwamba kosa langu lilikuwa kutojiandaa.

Mpango mpya ni mwepesi. Mama Ndaya apate habari kwamba mbuzi wake kule Bukama wameingia shamba la muhogo la jirani, na kwamba anaitwa haraka. Bila ugomvi, atapanda treni mwenyewe. Dorothée amekataa kuipeleka habari hii. Amesema ana kazi. Stanislas amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Habari imeletwa na nani? Hapo ndipo nilipokosea zamani. Safari hii nina kila kitu tayari. Imeletwa na mwanamke mmoja muuza samaki, aliyeshuka treni ya asubuhi. Stanislas akauliza yukoje. Nilimwambia bila kusita: mrefu, msafi, sauti ya upole. Na ili Mama Ndaya asiwe na shaka yoyote, nimemwomba aongeze kwamba mwanamke huyo alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akaniulizia kwa jina.